Kimo cha Mke

Treni ya kutoka Dar es Salaam iliingia Tabora saa tisa alasiri badala ya saa nne asubuhi, na Mwanahawa alikuwa ameacha kulalamika tangu Dodoma. Usiku wa tatu ulikuwa umepita hajagusa kitanda. Kwanza ndege, kisha kiwanja cha watu asiowajua, kisha ndege nyingine, kisha nyumba ya jamaa huko Ilala ambako watoto walilia mpaka alfajiri, kisha benchi la daraja la tatu. Miguu ilikuwa imevimba hata viatu vya ngozi alivyonunua Denmaki havikumwingia. Akavishika mkononi, akashuka pekupeku.

Miezi kumi na minne alikuwa ameupanga mkutano huu kichwani. Alikuwa amechagua hata neno la kwanza. Lakini alipomwona mumewe, Twalibu, amesimama karibu na lango la stesheni, shati limemganda mgongoni kwa jasho la kusubiri, maneno yote yalimtoka, akasema tu:

"Nina kiu."

 Twalibu aliondoka haraka, akaenda kwa mama mmoja aliyeuza chai nje ya stesheni, akarudi na maji kwenye kikombe cha bati. Akasimama akimtazama anavyokunywa. Mwanahawa aliinua macho juu ya ukingo wa kikombe, macho yao yakakutana, na kitu kilichokuwa kimemkaza kifuani tangu safari ianze kikalegea. Alikuwa yeye. Pua ileile, na kovu lilelile la patasi chini ya kidole gumba. Kisha Twalibu akayaondoa macho yake, akayapeleka kwenye sanduku.

"Umekonda," alisema.

"Ni safari."

"Pole, mke wangu."

"Nimeshapoa."

Alidhani ni haya. Watu waliokaa mbali huoneana haya, hata mke na mume wa miaka tisa.

Sanduku lilipakiwa kwenye mkokoteni, nao wakafuata nyuma kwa miguu kuelekea kwao Mtendeni. Vumbi la Agosti lilikuwa limekaa juu ya kila kitu. Twalibu alitembea hatua moja mbele, kisha akakumbuka, akapunguza mwendo.

"Kiwandani kukoje?" Mwanahawa aliuliza. Wote wawili walikuwa wanachama wa ushirika wa maseremala. Yeye Twalibu akiwa na randa na msumeno, Mwanahawa akishona matakia na kusuka viti.

"Madawati. Asubuhi madawati, jioni madawati. Vijiji vipya vinataka shule, shule zinataka madawati. Tangu Machi sijatengeneza hata kiti kimoja cha kukalia mtu mzima."

"Na mama?"

"Anatembea kwa fimbo. Nilikuandikia alivyoanguka."

"Uliniandikia."

Wakaenda hatua chache. Kisha Twalibu akasema, huku akiyatazama magurudumu ya mkokoteni, "Ile meza yako nimeimaliza."

Mwanahawa alisimama. Uchovu wote wa siku tatu ulikuwa bado mwilini mwake, lakini juu yake kukaja furaha, taratibu, kama mvuke unavyopanda juu ya chungu.

"Ile ya jikoni?"

"Ileile. Kama ulivyoichora."

Ushirika ulipopata nafasi moja ya kumpeleka mtu Denmaki kujifunza samani na upangaji wa nyumba, kila mtu alijua atakwenda seremala. Lakini waliokuja kuchagua waliuliza ni nani aliyesuka viti vya ofisi ya ushirika, wakaonyeshwa Mwanahawa. Watu walisema. Mama yake Twalibu alisema zaidi ya wote. Ni Twalibu aliyeyakata maneno: "Nenda. Mimi nitakuwepo." Kwa neno hilo Mwanahawa alikuwa amevumilia mengi.

Na huko aliona mambo. Aliona viti vyepesi ambavyo mwanamke angeweza kukiinua kimoja kwa vidole viwili, vikalio vyake vimesukwa kamba kama vitanda vya kwao, akacheka peke yake darasani. Aliona kwamba watu wa kule hawapangi viti ukutani kama matangani. Wanaviweka katikati, vimegeukiana, ili watu wazungumze. Aliona taa ikining'inizwa chini sana juu ya meza, karibu na vichwa, hata familia nzima ikikaa kula inakuwa kama imefunikwa na mwanga mmoja. Yote aliyachora katika daftari. Katika kila ukurasa alikuwa akiipanga nyumba ya Mtendeni upya: hapa dirisha lenye kibao cha kukalia, hapa rafu, hapa kiti cha Twalibu, hapa changu.

Lakini kitu kilichomliza kilikuwa jiko. Alipangishiwa kwa mjane mmoja, Mama Ellen, mfupi kama yeye. Jikoni mwake mlikuwa na meza ndefu ya kukatia na kukandia unga, na mara ya kwanza Mwanahawa aliposimama mbele yake alihisi mgongo umenyooka, mabega yametulia, mikono imeangukia mahali pake. Tangu utotoni alikuwa amepika ameinama. Mama yake alikufa mgongo umepinda. Kumbe si lazima. Mama Ellen alimweleza kwamba meza ile aliitengeneza marehemu mumewe mwaka wa kwanza wa ndoa. Alimsimamisha mkewe wima, akampima kutoka sakafuni mpaka kwenye kiwiko, akapunguza upana wa kiganja. Watoto walimtaka yule mama auze nyumba ahamie kwao, naye alikataa. Jiko lolote jingine, alisema, lilikuwa la mtu mwingine.

Mwezi wake wa pili huko, Mwanahawa akamwandikia mumewe kurasa tatu, na mchoro. Chini akaandika: *Pima mpaka kwenye kiwiko, mume wangu. Usikisie.*

Nyumba ya akina Twalibu ilijengwa na babu yake, mpagazi aliyefika Tabora na msafara wa pembe, akautua mzigo, akasema hapa basi. Kuta zake zilikuwa nene, ndani kuna giza na ubaridi. Mama mkwe, Bi Mwanne, alikuwa amekaa barazani na fimbo yake magotini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi." Alimshika mkono, akaushikilia kwa muda mrefu kuliko desturi yake. "Kaa kwanza. Kuna uji."

"Nione meza kwanza, mama. Kisha nitakaa mpaka kesho."

Bi Mwanne alimtazama mwanawe. Twalibu alitazama chini. Mwanahawa aliona, lakini mtu aliyechoka huona mambo bila kuyaokota. Akapita ukumbini, akatoka uani, akaingia jikoni.

Ilikuwa meza nzuri. Mbao za mninga, nyekundu kama udongo uliolowa, zimepigwa randa hata mkono ukateleza. Miguu ilikuwa imepunguzwa kuelekea chini, kama alivyochora. Hapakuwa na msumari hata mmoja unaoonekana. Alijua ni siku ngapi za mtu mwenye madawati ya kutengeneza zilikuwa zimeingia mle. Alisogea, akaweka mikono juu yake kama mtu anayetaka kukanda unga.

Mabega yake yalipanda.

Akarudisha mikono chini. Akajaribu tena, akidhani ni miguu iliyovimba, au uchovu. Ukingo wa meza ulimfika karibu na kifua. Ili kusukuma unga pale ingembidi asimame kwa ncha za vidole. Alijikuta ameinua viwiko kama mtoto aliyetumwa dukani, anayechungulia juu ya kaunta.

Twalibu alikuwa mlangoni. Alikuwa seremala wa miaka kumi na saba. Hakuwahi kukosea kipimo kwa unene wa ukucha.

"Ulimpima nani?" Mwanahawa aliuliza.

Hakukuwa na hasira katika sauti yake. Bado ilikuwa ni swali tu. Lakini Twalibu aligeukia uani, na Mwanahawa akayafuata macho yake, akaziona khanga mbili mpya kwenye kamba ya uani, zisizo zake. Akaona mkeka mpya umeegemezwa ukutani. Akaona kwamba mwiko na kata vimetundikwa juu, mahali ambapo yeye asingevifikia bila kigoda.

"Twalibu. Ulimpima nani?"

"Alikuwa amesimama hapo," Twalibu alisema kwa sauti ya chini. "Wewe hukuwepo. Yeye alikuwa amesimama hapo."

Bi Mwanne alikuwa amekuja taratibu kwa fimbo yake. "Ule kwanza, mwanangu," alisema. "Maneno haya hayasikilizwi kwa njaa."

"Anaitwa nani?"

"Siwema. Wa Ntalikwa, watu wa mashamba, watu wazuri. Nimemrudisha kwao kwa siku chache, ili ukija usikutane naye mlangoni. Nilisema upumzike, kisha tukuambie kwa utaratibu." Mama mkwe alishusha pumzi. "Mume wako nilimwoza mimi. Kama ni kulaumu, nilaumu mimi."

"Nitakulaumu, mama," Mwanahawa alisema. "Lakini si sasa. Sasa naomba nizungumze na mume wangu."

Walikaa ukumbini. Viti vilikuwa vimepangwa ukutani kama siku zote, kwa hiyo walikaa bega kwa bega wakitazama ukuta wa pili, kama wagonjwa wanaosubiri dawa. Mwanahawa alivuta kiti chake, akakigeuza, akakaa uso kwa uso na mumewe. Alitaka kulia ila hakuwa na nguvu ya kulia.

"Lini?"

"Desemba."

"Mimi niliondoka Juni." Alihesabu. "Miezi sita tu."

"Mama alianguka Oktoba. Nilikuwa naamka alfajiri nachota maji, nampikia, namwogesha, nakwenda kiwandani, narudi, nafua. Unajua mwanamume kumwogesha mama yake ni jambo gani? Kila Ijumaa baada ya sala wazee walinikalisha. Huna mtoto, mkeo yuko Ulaya, mama yako analala kwenye mkojo. Ijumaa tano nilikataa, Mwanahawa. Naapa. Ya sita nilikuwa nimechoka."

"Ulichoka."

"Nilichoka kukataa. Sikuwa nataka. Nilichoka tu."

Alimwamini. Hilo ndilo lililouma zaidi. Angekuwa mwongo, angekuwa amempenda yule msichana kwa wazimu, kungekuwa na mtu wa kumchukia. Mbele yake alikuwa ameketi mtu yuleyule aliyemwacha, mwenye mvi mbili mpya juu ya sikio, akipapasa kovu la kidole chake.

"Baada ya Desemba uliniandikia barua saba. Nazikumbuka zote. Uliniambia paa linavuja. Uliniambia jirani amefiwa na mbuzi."

"Sikujua nitaliandika vipi jambo lile."

"Kwa kalamu."

Twalibu aliinamisha kichwa.

"Mimi nami niliulizwa," Mwanahawa alisema. Hakuwa amekusudia kumwambia. "Kulikuwa na mwanafunzi mwenzangu, Mzambia. Mtu mpole. Alikuwa akinibebea mbao. Siku moja aliniuliza kama nina haja ya kurudi. Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia nina mume Tabora, hivi sasa ananitengenezea meza."

 Nje Bi Mwanne alikuwa akimfukuza kuku.

"Nitaikata miguu," Twalibu alisema ghafla. "Kesho asubuhi na mapema. Ni inchi saba tu. Nitakupima wewe, itakuwa yako."

"Na yeye?"

"Nini?"

"Atakapopika yeye. Atainama?"

 Kabla Twalibu hajajibu, kengele ya baiskeli ililia nje, na sauti ya mwanamke ikasema, "Hapa hapa, kaka. Nishushe."

Siwema alikuwa mrefu, mrefu hasa, na mimba yake ilikuwa ya miezi saba. Alikuwa ametoka Ntalikwa nyuma ya baiskeli ya kaka yake, na vumbi lilikuwa limempaka uso mzima. Bi Mwanne alianza kusimama, akisema kwa ukali, "Si nilikuambia ungoje kuitwa?" Siwema alimpita, akaja mpaka ukumbini, akapiga goti kwa shida, mkono mmoja umeshika kiuno.

"Shikamoo, dada."

Mwanahawa alikuwa amejiandaa kwa mtu mwingine. Alikuwa amejiandaa kwa macho ya jeuri na wanja. Huyu alikuwa msichana wa miaka ishirini, mikono imepasuka kwa sabuni, amechoka sawasawa na yeye.

"Marahaba. Usipige goti, utaanguka. Kaa."

"Nimekataa kujificha, dada. Mimi si mwizi." Alikaa, akahema. "Niliambiwa umepata mume huko, hutarudi. Nikaambiwa nyumba haina mwanamke. Juzi ndiyo naambiwa panga nguo zako uende kwenu, mwenyewe anakuja. Nimekaa kwetu siku mbili, nikasema hapana. Nikamwone kwa macho, anitukane kama atatukana."

Mwanahawa alimgeukia mama mkwe aliyekuwa mlangoni.

"Nilisema labda," Bi Mwanne alisema. "Nilisema labda amepata mume."

Hakuna aliyecheka, ila ilibaki kidogo wacheke.

"Meza ile sikuiomba," Siwema aliendelea. "Mume… Twalibu alikuja na karatasi na futi, akaniambia simama wima, nikasimama. Sikujua ni ya mtu. Nilipojua ilikuwa imekwisha kuunganishwa." Kisha akasema kwa aibu, "Mgongo unaniuma sana, dada. Kwa kweli ndicho kitu pekee cha nyumba hii kinachonisaidia."

Mwanahawa alimtazama kwa muda mrefu. Alimwona mama yake mwenyewe akiwa na mimba, ameinama juu ya mafiga, machozi ya moshi yakimtoka. Alikwenda mbali namna ile, akaona, akaandika kurasa tatu, na maandishi yake yalikuwa yamemfikia mwanamke aliyeyahitaji. Haikuwa haki. Lakini ilikuwa kweli, na hakuwa na nguvu ya kupigana na vyote viwili kwa pamoja.

"Usiikate," alimwambia Twalibu.

Akasimama, akavichukua viatu vyake.

"Unakwenda wapi?" Twalibu aliuliza, naye amesimama.

"Kwa shangazi Batuli."

"Hii ni nyumba yako, Mwanahawa. Wewe ndiye mke mkubwa. Nitampangia Siwema chumba. Au… au ukisema neno, nitamwacha. Mbele ya mama, mbele ya Mungu."

Siwema aliinamisha uso. Mkono wake ulikuwa tumboni.

"Usiseme tena neno hilo mbele yake," Mwanahawa alisema. "Mtoto atazaliwa Oktoba. Unataka azaliwe njiani? Sitaki talaka yake, na yangu sijaiomba bado. Nataka kulala, Twalibu. Siwezi kulala humu. Kila kitu kimetundikwa juu."

Bi Mwanne alisema, kwa sauti ambayo haikuwa ya amri tena, "Watu watasema nini, mwanangu? Mke karudi leo leo, anatoka leo leo."

"Watasema, mama. Waliposema nisiende, nilikwenda."

Twalibu alilibeba sanduku kichwani mwenyewe. Walipita mitaa mitatu jua likiwa bado halijatua, na watu wote wa Mtendeni walikuwa barazani. "Umerudi, Mwanahawa?" waliuliza. "Nimerudi," alijibu. "Karibu nyumbani." "Ahsanteni." Waliona sanduku linakoelekea, wakanyamaza kwa adabu mpaka wamepita.

Shangazi Batuli, dada yake marehemu Mzee Nassibu, baba yake Mwanahawa, alikuwa mjane aliyekaa peke yake katika vyumba viwili. Alimtazama mpwa wake toka juu mpaka miguuni, akamtazama na mwenye sanduku, akasema, "Chumba cha uani kina kitanda," na hakuuliza zaidi.

Twalibu aliliweka sanduku mlangoni. "Nije lini?"

"Sijui."

"Nikija, utanifungulia?"

"Ukija, bisha hodi kama mtu mwingine. Nikiwa na nafasi, nitakuitikia."

Aliingia, akafunga mlango wa chumba, akajilaza kitandani na nguo zake za safari. Alikuwa bado hajafumba macho aliposikia hatua zikitoka, zikisimama nje, zikigeuka.

"Hodi," Twalibu alisema kutoka uchochoroni.

Mwanahawa alitazama dari.

"Hodi." Kisha, baada ya muda, "Hodi."

Mgeni hubisha mara tatu. Asipoitikiwa hurudi alikotoka. Wote wawili walifundishwa hivyo katika chuo cha Kurani walipokuwa wadogo. Alisikia akiondoka. Usingizi ukamchukua kabla hatua hazijafika barabarani, akalala mpaka adhuhuri ya siku ya pili.

Siku hiyo, baada ya sala ya alasiri, alikuja tena. Hodi tatu, akaondoka. Siku ya tatu vivyo hivyo. Shangazi Batuli alizidi kufagia uwanja kwa nguvu. Mwanahawa alikula, akaoga, akalala, akaamka, akalala tena. Alilia siku ya tatu, mchana, akiwa anamenya muhogo, akalia mpaka akamaliza, akaendelea kumenya. Katika ushirika walimtumia salamu kwamba wanamsubiri. Kuna chumba wamemtengea, na wanataka kuona hilo daftari lake. Alijibu atafika Jumatatu. Kazi ile ilikuwa yake. Ilikuwa kitu cha kwanza alichokuwa na hakika nacho tangu ashuke kwenye treni.

Siku ya nne shangazi alikuwa kwenye baraza ya ndani akichambua mchele.

"Hodi."

"Huyo," shangazi alisema bila kuinua kichwa. "Atatumalizia hodi zote za mtaa huu."

"Hodi."

Mwanahawa aliweka chini shati alilokuwa akilishonea kifungo. Akaenda mpaka nyuma ya mlango, akasimama.

"Nani?"

 Aliyekuwa nje hakuwa ametazamia kuitikiwa.

"Twalibu."

"Twalibu yupi?"

"Twalibu wa Mabruki. Seremala."

"Unamtaka nani?"

"Namtaka Mwanahawa binti Nassibu. Kama hajachoka."

"Amechoka."

"Basi nitakuja kesho," sauti ilisema, bila kinyongo, na hatua zikaanza kuondoka.

Mwanahawa aliweka paji la uso kwenye mbao za mlango. Ndani ya mwili wake wote hakupata mahali ambapo hapakuwa na uchovu, na bado mkono wake ulikuwa umeshika komeo.

"Kaa hapo barazani," alisema. "Nakuja. Si ndani. Hapo hapo nje."

Alijifunga khanga ya pili, akatoka. Twalibu alikuwa amekaa mwisho wa baraza, miguu imebanana, kofia mkononi, kama aliyekuja kuposa. Mwanahawa alikaa mwisho mwingine. Kati yao wangetosha watu wawili. Wapita njia waliwaamkia, wakaitikia.

Alingoja aanze kuomba. Alikuwa amejiandaa: angemwambia hajui, asimharakishe, atahamia chumba chake mwenyewe karibu na kiwanda na ataona huko mbele. Lakini Twalibu hakuomba msamaha wala hakumtaja mtu. Aliigeuzageuza kofia yake, kisha akauliza, kama mtu anayeuliza kitu alichokuwa nacho mdomoni muda mrefu:

"Huko ulikokwenda, kulikuwaje?"

Mwanahawa alimgeukia. Tangu afike alikuwa ameulizwa kama atasamehe, kama atadai talaka, kama ameleta vitambaa, lini atakwenda kumwangalia mama mkwe. Hakuna mtu hata mmoja aliyemuuliza hilo. Alifungua mdomo aseme habari za viti na taa na madirisha, yale yote aliyoyaweka daftarini kwa ajili yake, na sauti ikamtoka ndogo.

"Baridi," alisema. "Kulikuwa na baridi, Twalibu. Miezi yote. Nilikuwa nalala na shati lako."

"Shati lipi?"

"La bluu. La mistari."

 Lile shati Twalibu alilitafuta mwezi mzima baada ya mkewe kuondoka. Aligombana na majirani wawili, akidhani limeibwa kambani.